Lasanya ya Ndengu

Wifi yangu alipiga simu kutoka Nairobi kusema anakuja kututembelea Mumbuni, Machakos, Jumapili, na tafadhali tusijisumbue kwa chakula. Kisha akaanza kutaja asivyokula. Nyama aliiacha kwa hiari yake, ngano aliachishwa na daktari, na mafuta mengi yeye na mizani hawaelewani. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitampikia lasanya.

Lasanya alikuwa akiipenda sana kabla ngano haijamgeuka. Kwa asiyeijua: ni tambi pana za ngano zilizopangwa tabaka kwa tabaka, katikati nyama ya kusaga iliyopikwa na nyanya, pamoja na sosi nyeupe ya siagi, maziwa na unga wa ngano, na juu jibini. Sasa toa ngano, toa nyama, punguza mafuta. Unabaki na nyanya na trei.

Dukani niliulizia tambi zisizo na ngano. Muuzaji alinitazama kwa huruma.

"Mama, zitakuwa zimetengenezwa na nini sasa? Maombi?"

Aliyekuwa nyuma yangu akanishauri nijaribu kanisani.

Mama mkwe naye alitaka kujua ngano imemkosea nini bintiye. Nikamweleza habari za seliaki: kwamba kuna protini iitwayo gluteni ndani ya ngano, shayiri na rai, na mwenye ugonjwa huo akiila, mwili wake hushambulia utumbo wake wenyewe. Nikamsimulia hata habari za daktari Mholanzi, Willem Karel Dicke, aliyekuwa akiishuku ngano tangu zamani, na katika njaa ya vita ya 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika Uholanzi, akazidi kuamini kwamba hakukosea. Mama alisikiliza kwa makini mpaka mwisho.

"Kwa hivyo," akauliza, "hata kachapati kamoja?"

Sokoni mambo yalikuwa rahisi zaidi. Biringanya nikazikata vipande vipana vyembamba zishike nafasi ya tambi, ndengu zikachukua kiti cha nyama, na Ukambani ndengu hazitafutwi kwa tochi. Sosi ingefanywa nzito kwa unga wa mchele. Kwenye karatasi mpango huo haukuwa na dosari.

Ila oveni hatuna. Machakos ilikuwa makao ya utawala wa Waingereza kabla hawajahamia Nairobi mwaka 1899 kuifuata reli, na kama walikuwa na oveni, waliondoka nayo. Kwa hiyo tukaoka kama wanavyooka keki ya sufuria: makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Shemeji yangu mdogo alipewa kazi ya kupepea. Alipepea kwa bidii ya mtu anayetaka kusifiwa, na majivu yakatua kwenye jibini, jibini pekee tulilokuwa nalo. Biringanya nazo, ambazo hakuna aliyeniambia zina maji kiasi hicho, zikaanza kuyatoa yote. Sosi ikageuka uji, uji ukageuka supu.

Wifi akapiga simu kwamba ameshuka stejini. Nikatoka kumlaki, nikamwachia mama mkwe sufuria.

Tuliporudi nyumba nzima ilinukia vizuri. Vizuri kupita kiasi. Nikafunua: sosi imeshikana, inang'aa, kama ya picha.

"Mama, umefanyaje?"

"Nimekuokoa, mwanangu. Yalikuwa maji matupu haya. Nimetia unga kidogo."

"Unga upi?"

Akaonyesha kwa kidevu pakiti ya ngano mezani. "Na kasupu ka mbuzi, kakipe nguvu. Mtoto ametoka safari."

Wifi alicheka hadi akakaa chini. Alikula muthokoi wa jana uliopikwa na mbaazi, akaongeza sahani, akapakiwa mwingine wa kurudi nao Nairobi. Lasanya ililiwa na wanaume wa boma, wakasema ndengu zilikuwa tamu, ila aliyezifunika kwa biringanya alikuwa na nia gani?

Ukitaka kuijaribu kwako, zinyunyizie biringanya chumvi na uziache nusu saa zichuje maji, uzikaushe kwa kitambaa, kisha uzichome kidogo kwenye kikaango kabla ya kuzipanga. Soma maandishi nyuma ya kila pakiti ya viungo, kwa kuwa nyingine zina ngano. Na unga wa chapati ufungie kabatini, funguo utembee nazo.