Mboga za Majani za Shemeji

Mtu akitaka kula siagi mbele ya watu bila kuulizwa maswali, aifunike kwa majani. Majani yana heshima yake mjini. Hakuna mama mkwe aliyewahi kununa kwa sababu mkwe wake anapenda mchicha.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, analijua hilo vizuri. Jumapili moja alitutangazia kwamba anatupikia chakula chepesi cha afya, spinachi ya kuoka, na kweli aliingia getini amebeba spinachi kilo nzima, majani yanachungulia nje ya mfuko. Mfuko wa pili, ule mdogo, uliingia jikoni kimyakimya. Ndani yake mlikuwa na jibini gramu 400, siagi gramu 100, unga wa ngano gramu 100 na maziwa lita moja. Niliyajua hayo baadaye, niliposoma karatasi ya mapishi aliyoibandika kwenye friji. Spinachi imeandikwa kwa wino mwekundu. Vingine vyote kwa penseli.

Spinachi ina tabia moja ya aibu: ikiona moto, inanywea. Zaidi ya asilimia 90 yake ni maji. Ule mlima uliojaza beseni ulitumbukizwa sufuriani, ukatoka umebaki tonge. Mwanangu mdogo alichungulia akauliza, "Mama mdogo, nyingine umeficha wapi?" Mama mdogo akamfukuza jikoni. Ikafuata kazi ya kukamua maji, na kukamua kunataka mikono iliyozoea kukamua tui. Shemeji alikuwa na kucha mpya za saluni, basi akaikamua kwa adabu. Maji aliyoyastahi yakamlipa ndani ya oveni: jibini lilianza kuogelea.

(Ile spinachi ya masokoni kwetu, yenye bua pana jeupe, mara nyingi si spinachi ya vitabuni. Ni jamii moja na bitiruti. Lakini kwa lishe zinakaribiana, kwa hiyo kesi hiyo tuifute.)

Katikati ya kuoka, uniti za umeme wa LUKU zikaisha. Oveni haina huruma na uniti, na kila aliyeombwa anunue nyingine aligundua ghafla kwamba simu yake haina hela. Mama mkwe, aliyekuwa sebuleni akifuatilia yote bila kusema neno, akasema mawili: "Leteni mkaa." Trei ikapandishwa jikoni, ikafunikwa bati, makaa yakawekwa juu na chini, vile vile unavyookwa mkate wa kumimina. Niseme haki: juu ilitoka na rangi ya dhahabu ambayo oveni isingeiweza. Chini ilishika, na watoto, ambao hawajawahi kugombea spinachi maishani mwao, wakagombea ukoko.

Hapo ndipo akaingia mjomba wa mke wangu. Mjomba ana presha, na kliniki wamempa maagizo mawili: punguza chumvi, ongeza mboga za majani. La kwanza huliacha nje pamoja na viatu.

"Shikamoo mjomba. Karibu, leo ni mboga tu," shemeji akamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Kama ni mboga, usinipimie."

Akala nusu trei. Kila kijiko alikisindikiza na neno juu ya utii kwa daktari.

Mimi nina ugonjwa wa kupiga hesabu watu wakila. Kilo ya spinachi ina nishati ya kilokalori 230 hivi, kiasi ambacho mtu anakipata kwenye andazi moja lililoshiba. Jibini gumu aina ya cheddar lina kama 400 kwa kila gramu 100, kwa hiyo lile la shemeji lilileta 1,600. Siagi ikaongeza 700 na ushei, maziwa 600, unga 360. Jumla inapita 3,500. Mchango wa spinachi haufiki hata asilimia 7. Spinachi hapa ni bwana harusi ambaye jina lake liko kwenye kadi, lakini gharama zote zimebebwa na kamati.

Chumvi nayo ilikuwemo, ingawa hakuna aliyeiona ikitiwa. Jibini la namna ile lina chumvi gramu moja na nusu hivi kwa kila gramu 100. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 kwa siku. Kwa nusu trei, mjomba alikuwa amekula zaidi ya gramu 3 kabla hajaomba kachumbari, na kachumbari aliiomba.

Kuhusu lita ile ya maziwa na matumbo ya watu wazima ambao hawajanywa maziwa tangu shule ya msingi, nitasema tu kwamba nyumba yetu ina choo kimoja. Jibini lililokomaa lisisingiziwe, kwa maana laktosi yake ni kidogo sana. Mhusika alikuwa ni mchuzi mweupe, ule wa siagi, unga na maziwa.

Nilipojaribu kuyataja haya kwa upole, shemeji akanijibu kwa jina moja: Popeye. Yule baharia wa katuni aliyebuniwa na Mmarekani E. C. Segar mwaka 1929, anayemeza spinachi ya kopo na misuli ikafumuka. Huko Crystal City, Texas, mji wa wakulima wa spinachi, walimsimamishia sanamu mwaka 1937. Kwa nguvu ya sanamu hiyo, dunia nzima imekubali kwamba spinachi ni chuma kitupu.

Chuma kimo, kama miligramu 2.7 kwa kila gramu 100 za majani mabichi. Ila chuma cha mimea huingia mwilini kwa kusuasua, na kalsiamu ya jibini kwenye sahani hiyo hiyo inazidi kukizuia. Spinachi nayo ina asidi ya oksaliki, ambayo huishika kalsiamu yake yenyewe, mwili ukaambulia kama asilimia 5 tu. Kwa hiyo anayetafuta kalsiamu katika trei ile aishukuru kamati, si bwana harusi.

Lakini sitaki shemeji aonewe. Vitamini K na ile karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A zinahitaji mafuta ili zifyonzwe, na mafuta alituletea. Mabibi zetu walilijua jambo hilo bila maabara, ndiyo maana mchicha wakautia nazi au karanga. Na anayetaka kumcheka shemeji kwa sababu yeye anapika kwa tui zito, aende polepole: mafuta ya nazi nayo yana kesi yake na moyo. Utamu wa trei ile pia siwezi kuukana. Nilirudia.

Ombi langu kwa shemeji, na kwa yeyote mwenye karatasi kama ile kwenye friji, ni hili. Spinachi iwe kilo mbili, ikamuliwe na mtu asiye na kucha. Jibini gramu 150, siagi gramu 30, unga kiasi hicho hicho, maziwa nusu lita. Trei nzima itakuwa na kilokalori 1,700 hivi. Tukiila wanane, kila mmoja atapata kama 210 badala ya 440. Chumvi usiongeze. Ndimu iwe mezani, maana vitamini C yake huisaidia miili yetu kukipata kile chuma cha Popeye. Na mjomba apimiwe.