Tupeni Namba ya Mgeni Wetu

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Mifumo,
Sacco yetu (jina nakusitiria, japo yetu hukuyasitiri).

Mheshimiwa,

Pokea salamu za heshima kutoka kwetu wanachama wa Kitale na Bungoma, ambao kila tukitaka kuona akiba yetu tunadaiwa ushahidi kwamba sisi ni sisi. Nywila mpya kila mwezi. Namba ya siri inayofika kwenye simu ikiwa imeshakwisha muda. Halafu ule mtihani wa picha: chagua taa za barabarani! Tuwekee mahindi, mkubwa; H614 tunaitambua hata gizani.

Tukishafaulu, ndipo maajabu. Kwenye anwani juu ya ukurasa kuna namba ya mwanachama. Badilisha tarakimu ya mwisho, bonyeza, na mkopo wa jirani huo hapo: kiasi, wadhamini, malimbikizo. Getini askari, vyumbani hata pazia hakuna. Kijana wa saiba anasema mfumo umejengwa kwa Django, na ile login_required huuliza tu kama mtu ameingia. Kuuliza rekodi ni ya nani ni kazi ya mwandishi wa programu. Hakuifanya.

Kwa hiyo tuna ombi dogo. Tupatie namba ya simu ya mgeni yeyote anayesoma akaunti zetu. Bora zaidi, umwajiri kabisa. Mpe meza pale stendi ya Kitale, mwavuli, na benchi la wazee. Siku ya soko ahamie Chwele. Sisi tuliofungiwa nje tutapanga foleni, naye atusomee salio letu bila nywila wala taa za barabarani. Sare mshonee, risiti atoe. Akikuta mjane ana malimbikizo, amnong'oneze; adabu hiyo mfumo wako hauna.

Maana mtu anakopa karo kimyakimya, kesho yake deni lake linajadiliwa kwenye matatu ya Webuye. Mmetuanika uchi, kisha mnatuandikia "jaribu tena baadaye". Hamwoni haya?

Samahani, nimepaza sauti.

Najua una shughuli nyingi, kwa hiyo nakukumbusha moja tu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu mwenye mfumo ajue kwamba taarifa za watu zimefikiwa na asiyehusika, zikiwaweka hatarini. Kama hukuwa unajua, sasa unajua. Hesabu inaanza leo.

Wako mtiifu,
Mwanachama (namba yangu unayo, na kila mtu anayo).