PK Hajalipa Mchango

Kila ukoo una kompyuta moja isiyoruhusiwa kufa. Kwetu ni ya Mjomba, katibu wa chama cha kuzikana cha mtaani kwake, Tanga. Inatumia Windows 98, inafunikwa kitambaa cha kufuma kila jioni, na ndani yake wamo wanachama wote pamoja na michango yao, walio hai na tuliokwisha kuwazika. Imeungwa na printa ya pini, ambayo ikianza kutoa risiti mtaa mzima unajua kuna mtu kalipa.

Mashine zote mbili ni nzima. Mambo yaliharibika mwenyekiti aliponunua laptopu mpya. Kamati ikakaa, ikaamua daftari la chama lihamie huko, kisha kila mwisho wa mwezi lirudi kwa Mjomba kwa ajili ya risiti. Kazi ikaniangukia mimi, maana kwetu aliyewahi kumwekea shangazi WhatsApp ndiye mhandisi wa ukoo.

"Chomeka flashi, hamisha, tunywe chai," alisema Mjomba.

Nikachomeka. Windows 98 ilitoka 1998, na flashi zikaanza kuuzwa mwaka 2000, kwa hiyo hawa wawili hawajawahi kutambulishwa. Kompyuta ilikiri kwamba kuna mgeni kaingia, ikaomba diski ya draiva yake. Draiva za namna hiyo zipo na hazina gharama. Shida ni kwamba njia niliyokuwa nayo ya kuingiza draiva ni flashi, na flashi haifunguki mpaka draiva iingie. Nilimweleza Mjomba mzunguko huo taratibu, kwa heshima zote. Akaitazama flashi, akanitazama mimi.

"Si umeshaichomeka?"

Uchungu zaidi ni kwamba flashi yenyewe ilikuwa ya GB 32, ilhali diski nzima ya kompyuta hiyo ni ya GB 4. Ingeweza kuimeza kompyuta nzima mara nane na kitambaa chake juu.

Tukahamia kwenye intaneti. Waya upo, kivinjari kipo, lakini tovuti za leo hudai mawasiliano yafungwe kwa njia za usalama ambazo kivinjari cha enzi hizo hakizijui. Kila anwani niliyoandika ilirudisha ukurasa mweupe wenye pole. "Bando limekwisha," alisema Mjomba, akatoa elfu moja mfukoni.

Bando lilipokosa kufaa kitu, akafungua kabati na kutoa boksi la flopi kwa madaha. Flopi moja hubeba MB 1.44. Daftari la chama lina MB 5. Ziko programu za kukata faili vipande na kulitawanya kwenye flopi nne, nasi tulikata. Ila sheria ya vipande hivyo ni kali: kimoja kisiposomeka, vingine vyote si kitu. Flopi ya kwanza ilisomeka. Ya pili ikasomeka. Ya tatu ilisomeka kwa kukwaruza hadi Mjomba akaacha chai. Ya nne ilikuwa na ukungu, kama kila kitu kinachokaa kabatini Tanga baada ya masika. Kupata mpya si kazi ndogo, kwani hata Sony iliacha kuziuza mwaka 2011.

Nikaunga kompyuta mbili kwa waya wa mtandao. Mwaka 2017 Microsoft iliacha kuweka ndani ya Windows 10 itifaki ya kale ya kushirikiana mafaili, SMB 1, kwa sababu za kiusalama. Na hiyo ndiyo lugha pekee anayoijua mzee wetu. Alipiga hodi mchana kutwa. Laptopu ya mwenyekiti haikuitika.

Hapo ndipo nilipoielewa kompyuta ya Mjomba. Haijaharibika hata skrubu moja. Imefiwa na rika lake.

Kijana wa steshenari ya jirani alinisikiliza, akacheka. "Hapo anatakiwa mshenga, bro." Akavuta chini ya meza laptopu ya Windows XP. XP ilitoka 2001: ilizaliwa mapema kiasi cha kuelewana na Windows 98, na imechelewa kiasi cha kuijua flashi. Microsoft iliacha kuihudumia mwaka 2014, lakini yeye anaitunza kwa ajili ya wazee. Akaunga waya, daftari likavuka, likaingia kwenye flashi. Mshenga naye, kama washenga wengi, alikuwa na ya kwake. Flashi ilitoka na kirusi kile kinachoficha mafolda na kuacha vinjia vya mkato, akalazimika kuisafisha kabla laptopu ya mwenyekiti haijapiga kelele.

Tulipofungua, tulikuta mafaili matano. Mjomba alijifunza kompyuta enzi za DOS, wakati jina la faili lilikuwa mwisho herufi nane, na hajawahi kuvunja sheria hiyo: DAFTARI, DAFTARI2, MPYA, MPYA2, na MPYAKWEL. Nikaangalia tarehe ili nijue la karibuni. Yote yaliandikwa tarehe 1 Januari 1980. Betri ndogo inayotunza saa ya kompyuta ilikufa zamani, hivyo kila ikiwashwa inaanza maisha upya siku hiyo.

"MPYAKWEL ndilo lenyewe?" nikauliza.

"Hilo la zamani," akajibu Mjomba. "Chukua DAFTARI2."

Kamati ilipongeza. Mwisho wa mwezi mwenyekiti akarudisha daftari kupitia kwa mshenga yule yule, likafika salama. Mjomba akalibonyeza, kompyuta ikauliza ilifungue kwa programu gani, naye akachagua WordPad. Akanipigia simu.

"Mpwa wangu, wanachama wote wamegeuka vimiraba na alama za ajabu. Aliyebaki na jina ni mmoja, yuko juu kabisa. Anaitwa PK. Huyu nani, na mbona simwoni kwenye risiti?"

Nilimweleza kwamba mwenyekiti amehifadhi kwa mtindo wa Excel ulioanza 2007, na dawa ni kuchagua mtindo wa 97-2003 anapohifadhi. Mafaili ya mtindo mpya kwa ndani ni zipu, na zipu huanza na herufi za Phil Katz, Mmarekani aliyebuni mtindo huo mwaka 1989.

"Kwa hiyo huyo Katz ndiye PK."

"Ndiye, Mjomba. Ila alishafariki, mwaka 2000."

Simu ikawa kimya kidogo, nikasikia karatasi zikipekuliwa.

"Alifariki akiwa mwanachama hai?"