Breki Zenye Akili: Mwongozo kwa Mgeni wa Njia ya Butembo na Beni

Kwanza nunua gari lililotumika Japani, usukani kulia. Kongo tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo anayeiona njia ni abiria aliyekaa kushoto. Ukitaka kulipita lori la Fuso, muulize: "Njia iko wazi?" Achelewe kujibu, safari inoge.

Muuzaji atakuapia: "Patroni, hii ina ABS, haitelezi." Mwamini kabisa, hasa mvua ikinyesha. Ukweli ni mwembamba zaidi: kila gurudumu lina sensa inayopima mwendo wake. Ukikanyaga breki kwa nguvu na gurudumu likataka kuganda, kompyuta huachia presha ya mafuta ya breki kisha huirudisha, mara kadhaa kwa sekunde moja. Pedeli hutetemeka na kukoroma chini ya mguu. Hapo mgeni hushtuka, akauinua mguu. Nawe uinue, ukitaka kujua mtaro wa Maboya una kina gani. Wenye haraka ya kuishi hukandamiza mpaka mwisho, wakakata usukani. ABS iliundwa ili gari liendelee kutii usukani huo.

Bosch na Mercedes walipoiingiza sokoni mwaka 1978, walifikiria lami. Kwenye udongo uliolegea, gurudumu lililoganda hurundika udongo mbele yake, na rundo hilo husaidia kulisimamisha gari. ABS hailiachi gurudumu ligande, basi gari huenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Kwa hiyo, ukiteremka kwenda Beni, isogelee sana Fuso ya mbao usome maandishi ya nyuma.

Wakati wa kupanda kurudi Butembo ni zamu ya kidhibiti utelezi. Gurudumu likizunguka bure, hulishika kwa breki ili nguvu iende kwa jingine, tena hupunguza nguvu ya injini. Katika tope zito gari huishiwa pumzi katikati ya mlima. Kile kitufe chenye picha ya gari na mistari iliyopinda, kinachozima kidhibiti hicho, usikiguse kamwe. Vijana wenye majembe watakuja wenyewe na bei yao.

Taa ya manjano ya ABS ikiwaka, fundi aibandike utepe mweusi. Breki za kawaida bado zipo, ni ulinzi tu uliolala, na pengine sensa imefunikwa tope: kazi ya maji na brashi, isiyo na heshima yoyote.

Lakini taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja nayo, mzaha umekwisha. Simama, kagua mafuta ya breki, usiteremke na gari hilo.