Sungura Katoka kwa Daktari: Mwongozo kwa Wajuaji wa Kilosa na Mikumi

Sungura jike ametolewa kizazi kwenye hospitali ya wanyama ya SUA, Morogoro, na sasa anarudi Mikumi akiwa ndani ya tenga. Kazi ya daktari imekwisha, yako ndiyo inaanza. Kikwazo cha kwanza ni abiria wa nyuma atakayeuliza, "Hiyo mboga unaipeleka wapi?" Mjibu kwamba huyu si mboga, ni mgonjwa. Akicheka, mwache acheke. Wewe pakata tenga mapajani, maana barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50, na matuta yaliyowekwa ili wanyama wasigongwe hayajui mshono.

Nyumbani utamkuta mjuaji mwenyewe. Huyu atakuambia aliyepasuliwa hapewi chakula mpaka atoe hewa. Mkatalie papo hapo. Huo ni utaratibu wa wodi ya binadamu. Sungura hawezi kutapika, ndiyo maana hata kabla ya upasuaji hafungishwi kula. Utumbo wake unatakiwa kuwa kwenye mwendo muda wote. Ukisimama, gesi hujaa, maumivu huzidi, naye huzidi kukataa chakula. Sungura wengi wanaokufa baada ya upasuaji uliokwenda vizuri huondoka kwa njia hiyo, huku mwenye nyumba akisema "mwache apumzike".

Kwa hiyo mpe majani makavu tangu jioni ile ile. Mabingobingo, ukoka, majani ya matembele aliyoyazoea: chochote atakachokitia mdomoni ni ushindi. Pumba za mahindi ziache kwanza, nyuzinyuzi ndizo zinazosukuma utumbo. Maji yawe kwenye bakuli zito. Akigoma, ponda chakula chake cha punje, kiloweke, kisha mnyweshe kidogo kidogo kwa bomba lisilo na sindano kupitia pembeni mwa mdomo. Tumbo likiwa limevimba na kukaza kama ngoma, usimlazimishe, mpigie daktari.

Halafu hesabu kinyesi. Ndiyo, hesabu, hata kama shemeji atakuona umechanganyikiwa. Vigoroli vikubwa na vingi ni habari njema. Vikiwa vidogo na vichache, utumbo unalegea.

Kuhusu dawa ndipo mjuaji anapokuwa wa hatari. Ana vidonge vya rangi mbili vilivyobaki tangu mtoto alipougua kikohozi, na moyo wake ni mwema. Usivipokee. Amoksilini na ampisilini za kumeza huua bakteria wema wa utumbo wa sungura, na kuharisha kunakofuata kunaweza kumuua. Mpe dawa ya maumivu aliyokupa daktari, kwa kipimo chake, hadi siku ya mwisho aliyokuandikia. Sungura haonyeshi maumivu kwa kelele. Hujikunja pembeni, macho nusu, akisaga meno kwa sauti unayoisikia ukimsogelea.

Mshono haupakwi majivu, spiriti wala mafuta ya taa. Hauoshwi. Unakaguliwa asubuhi na jioni: wekundu kidogo ni kawaida, usaha, harufu au uwazi si kawaida. Toa maranda bandani, tandika kanga kuukuu iliyofuliwa, na ubadilishe ikilowa, maana nzi wa kijani hutaga mayai penye unyevu na funza hutokea ndani ya siku moja. Weka chandarua. Miguu ya banda iwe ndani ya makopo ya maji, siafu wasipande.

Saa za mwanzo, akiwa bado na usingizi wa dawa, anahitaji joto: chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa. Akishachangamka, mchana wa Kilosa unageuka kuwa adui wake, kwa sababu sungura hatoi jasho la kumpoza. Mpeleke kivulini penye upepo, na umwekee chupa ya maji ya barafu ubavuni.

Dume akae mbali. Jike hawezi tena kushika mimba, lakini dume halijui hilo, na kupandwa kunaweza kufumua mshono. Siku 10 hadi 14 bila kuruka wala kupandishwa ghorofani mwa banda. Nakuomba usimwonee choyo kwa mapumziko hayo: majike wengi wasiotolewa kizazi hupata saratani ya mji wa mimba wakishavuka miaka minne, na wewe umemwepusha nayo.

Andika namba ya daktari kabla hujaondoka Morogoro. Saa 12 zikipita hajala wala hajanya, piga simu, hata kama ni usiku wa manane.