Maombi ya Gisenyi ya Kuwa Bingwa wa Dunia kwa Mwaliko

Kwa Mabwana Wenye Hisa,
Ligi ya Mabingwa ya Kriketi ya T20 (marehemu),
Mumbai, Melbourne na Johannesburg.

Kupitia: Baraza la Kriketi la Kimataifa (ICC), Dubai.

YAH: KUFUFULIWA KWA LIGI YA MABINGWA NA NAFASI YETU NDANI YAKE

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wakazi wa Gisenyi, Wilaya ya Rubavu, Rwanda, hatujambo, na tunawaombea nanyi uzima. Mwaka 2025 tulisoma magazetini kwamba kuna mpango wa kuirudisha ile ligi yenu ya klabu bingwa za dunia, iliyochezwa kuanzia 2009 hadi 2014 na kufutwa mwaka uliofuata. Tulifurahi. Si kila siku marehemu anafufuka, tena marehemu aliyeacha mkataba wa televisheni wa miaka 10, wenye thamani ya takriban dola milioni 900, akiwa ameutumia miaka sita tu.

Tumeupitia mgawo wenu wa hisa: India nusu, Australia asilimia 30, Afrika Kusini asilimia 20. Hapa mpakani na Kongo hakuna wa kufundishwa jambo hilo. Mama anayevuka Petite Barrière kwenda Goma na beseni la nyanya kichwani, mzigo akiwa ameununua na wenzake wawili, anajua fika kwamba mwenye nusu ndiye anayepanga bei. Ila hajawahi kusimama sokoni akatangaza kwamba beseni lake ndilo Soko la Dunia.

Matokeo yenu pia tumeyasoma, maana sisi ni watu wa kumbukumbu. Katika misimu sita, klabu za India zilitwaa kombe mara nne, na fainali tatu zilikuwa za India kwa India. Hongereni. Mwaka 2011 Mumbai Indians walipoandamwa na majeruhi, waliruhusiwa kuchezesha wageni watano ilhali kanuni ilisema wanne. Kombe wakalichukua. Mwaka huo huo Kieron Pollard, mtoto wa Trinidad, aliingia uwanjani na jezi ya Mumbai, na Trinidad yake ilikuwa kwenye mashindano hayo hayo. Zikakutana, Mumbai ikashinda kwa wiketi moja. Kanuni zenu zilimruhusu mchezaji mwenye timu mbili kuchagua, na klabu ya nyumbani ikimpoteza ilipozwa kwa fidia. Utaratibu mzuri sana. Mnachukua mwana wa watu, kisha mnamtumia mama yake pesa ya soda.

Afrika iliwakilishwa vilivyo, yaani na mwenye hisa. Kenya, iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, haikuwahi kuonekana humo kwa klabu hata moja. Majirani walipoona mlango haufunguki, mwaka 2011 Kenya na Uganda walianzisha ligi yao ya T20 ya Afrika Mashariki, yenye timu kama Nile Knights na Rwenzori Warriors. Nyie mlikuwa na shughuli.

Sasa tuje kwetu. Mnaweza kuuliza: Rwanda na kriketi wapi na wapi? Mchezo huu ulishika mizizi baada ya 1994, ulipoletwa na wenzetu waliorudi kutoka uhamishoni Uganda, Kenya na Tanzania. Tulikuwa wanachama wa daraja la chini kabisa la ICC mpaka Juni 2017, tulipopanda. Tulipandaje? Daraja la chini lilifutwa. Tunashukuru, nchi nyingi duniani zingependa kuutokomeza umaskini kwa mtindo huo.

Mwaka huo huo Kigali ilipata uwanja wa Gahanga, wenye mapaa matatu ya vigae vya udongo wa hapa hapa, yaliyopindwa kama njia ya mpira unaodunda. Ili fedha zipatikane, mwaka uliotangulia nahodha wetu Eric Dusingizimana alisimama ndani ya wavu na gongo lake akapiga mipira kwa saa 51, rekodi ya dunia. Hebu mfikirieni mtu huyo saa ya arobaini, usiku wa manane, miguu imevimba, mpira mwingine unakuja. Halafu rudini kwenye zile milioni 900.

Na msituambie hatuna kiwango. Januari 2023, katika Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 19, Henriette Ishimwe aliwaangusha Zimbabwe wiketi nne kwa mipira minne mfululizo, na siku chache baadaye binti zetu wakawafunga West Indies. Hao hawakualikwa. Walifuzu, neno ambalo tunaomba mliweke katika kanuni mpya, hata kama ni kwa herufi ndogo.

Ikiwa hilo ni gumu, tunalo pendekezo mbadala. Tutaunda Ligi ya Mabingwa wa Dunia ya Ziwa Kivu. Gisenyi itakuwa na nusu ya hisa, Goma asilimia 30, Bukavu asilimia 20. Mechi zitachezwa Umuganda Stadium, uwanja wa soka, lakini tumeona kwenu kwamba kanuni ni za kunyooshwa. Jumamosi ya mwisho ya mwezi hakuna mechi asubuhi, tuko kwenye umuganda, kazi ya jamii; nanyi mtapewa majembe. Mechi za Goma zitategemea kama mpaka umefunguliwa.

Mumbai Indians tunawakaribisha, baada ya mchujo utakaofanyika Nyamyumba, kando ya chemchemi za maji moto. Wachezaji wetu wakiharishwa na samaki sambaza, tutaongeza wageni kadiri ya haja. Mchezaji wa Mumbai atakayebainika kuwa na shemeji Gisenyi atavaa jezi yetu, na klabu yake italipwa fidia ya kreti moja ya bia ya Primus, iliyotengenezwa hapa hapa mjini. Chupa zirudishwe.

Mapato yatagawanywa kwa uwazi, kwa mfano wenu. Kwa hesabu za ICC zilizoripotiwa 2023, wanachama kamili 12 wanachukua asilimia 88.81 ya fungu, India peke yake ikibeba 38.5, na nchi nyingine zote zaidi ya 90 zinagawana asilimia 11.19. Sisi tutawapa nyinyi watatu asilimia 11.19 hiyo hiyo, mgawane wenyewe kwa amani.

Tunaomba majibu kwa maandishi. Kiswahili kinatosha, nacho ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017.

Wenu katika mchezo,

Kamati ya Muda ya Mabingwa wa Dunia (kwa mwaliko wetu wenyewe),
Gisenyi, Rubavu.

Nakala: Klabu zote za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Msituandikie kuomba nafasi, tutawaita.