Pawasoo ya Shemeji

Mtambo wa kwanza wa mvuke wa Olkaria ulianza kufua umeme mwaka 1981, megawati 15, na tangu hapo visima vimezaana mpaka mabomba yamejaa vilima, mengine yameinuliwa juu ili twiga wapate njia. Nairobi inawasha taa kwa joto la ardhi yetu. Dada yangu ameolewa upande wa Maiella, na kukipambazuka unaweza kusimama mlangoni pake ukauona mvuke huo ukipanda. Chai yake inachemshwa kwa kuni. Kwa hiyo ukifika pale usianze na habari za umeme. Uliza kuni za wiki hii zimetoka wapi na kama zimekauka, kisha uvute kigoda ukae, maana maoni yapo.

Shemeji ndiye mwenye maoni mengi kuliko wote, na kwa kuwa hapiki, hana kinachomzuia.

Koko, mama yake, hasemi sana. Yeye ni mtu wa leleshwa, kile kichaka chenye majani ya rangi ya majivu kilichotapakaa Olkaria hadi Suswa. Majani yake ukiyafikicha yananukia kafuri, na morani wa zamani waliyatia kwapani kabla ya kwenda kuonana na wasichana. Mti wenyewe una mafuta, hivyo hushika moto hata ukiwa mbichi. Ndiyo sababu wachoma makaa hawauachi upumue. Koko hukata kwa panga matawi yaliyokomaa tu, unene wa kifundo cha mkono, na kisiki akakiacha kichipue. Lakini kwa kibuyu cha maziwa hataki kusikia leleshwa. Hapo anataka oloirien, mzeituni wa porini: kijiti kinachomwa mpaka ncha iwe kaa jekundu, kisha anakisugua ndani ya kibuyu huku akikizungusha, moshi ukitoka mdomoni mwa kibuyu, na maziwa yakitiwa humo yanapata ladha ambayo wageni wa mjini hudhani yameharibika. Siku hizi oloirien unautafuta kwa miguu. Koko anajua ulipo mmoja, na hajamwambia mtu.

Basi Desemba ikafika, mpwa wangu akawa wa kutahiriwa, na wageni wakahesabiwa kwa lori. Masufuria yakaazimwa. Dada akasema wanawake watatoka na punda wakalete leleshwa. Shemeji akasema hapana, ana mkaratusi mkubwa nyuma ya boma, na kuni za panga ni mambo ya kale. Kesho yake akarudi kutoka Naivasha mjini na pawasoo ya mtumba, yaani msumeno wa cheni, imefungwa kwenye gunia.

Aliyemuuzia alimwambia mashine hiyo imepumzika tangu 2018. Mwaka huo, mwezi wa Februari, serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na pawasoo nyingi zikahamia chini ya vitanda. Marufuku ilipoondolewa Julai 2023, rais akilitangaza hilo hapa hapa kaunti yetu, Molo, zilitolewa nje kupigwa jua, na zile zilizokataa kuwaka zikatafutiwa watu kama shemeji.

Petroli ya mashine hii haitiwi kavu. Injini yake ni ya mapigo mawili, haina mahali pake pa kuweka oili, kwa hiyo oili inachanganywa na petroli, kwa kawaida mililita 20 kwa kila lita. Mimi ndimi niliyeshika kopo.

"Mililita 20, shemeji?" akasema. "Hiyo si dawa ya kikohozi ya mtoto?"

Akamimina kifuniko kimoja, akaongeza cha pili kwa heshima ya wageni, na cha tatu cha njiani. Ilipokubali kuwaka, moshi wa samawati ulifunika boma lote. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na ng'ombe alisimama barabarani, akauliza kwa sauti kama wamechimba kisima kingine, na kama safari hii fidia itaandikwa kwa jina la nani.

Shemeji akaukabili mti. Injini ikalia, yeye akasukuma, mti ukanyamaza. Akasukuma kwa goti. Gome likang'aa, likawa jeusi, likaanza kunuka dawa ya mafua, lakini unga wa mbao haukutoka hata kiganja. Alikuwa akiupiga pasi. Mpwa wangu, ambaye sherehe ilikuwa yake, akainama akatazama.

"Baba, meno yanatazama nyuma."

Na kweli. Cheni ikishavishwa, meno yaliyo juu ya lile bapa la chuma hutazama mbele, kwenye ncha. Haya yalikuwa yakimtazama shemeji.

"Nilikuwa naipasha moto," akasema, akaomba spana.

Alipokuwa akifungua nati nikaona nijaze kimya kwa elimu kidogo. Nikawasimulia kwamba msumeno wa cheni haukuanzia msituni. Mwishoni mwa karne ya 18 madaktari wawili wa Uskoti, John Aitken na James Jeffray, walitengeneza kijisumeno cha cheni cha kuvuta kwa mkono, na kazi yake mojawapo ilikuwa kukata kiungo cha mfupa wa kinena mama akikwama katika uzazi. Ya miti ilikuja baadaye sana. Mjerumani Andreas Stihl alitoa ya umeme 1926 na ya petroli 1929.

Dada, aliyekuwa akipita na ndoo, akasimama. "Kwa hiyo tangu zamani," akasema, "wakileta hii mashine, anayeumia ni mwanamke." Akaendelea na safari yake.

Cheni ikageuzwa, na unga ukatoka mweupe, mzuri. Hapo shemeji akalewa ushindi, akataka kukata chini kabisa asipoteze hata kisiki. Udongo wa huku ni majivu ya volkano, na ndani yake mna lile jiwe jeusi linalong'aa mithili ya chupa, obsidiani, ambalo watu wa kale wa bonde hili walilichonga wakapata visu. Cheni ililigusa mara moja tu. Cheche zikaruka, na kuanzia hapo meno hayakukata hata mkate. Tukakaa na tupa, jino moja baada ya jingine, mpaka saa tisa.

Sasa kuna utaratibu wa kuangusha mti. Kwanza unautazama umeinamia wapi. Unakata pengo upande unaotaka uangukie, kina cha robo au theluthi ya shina, ndipo unazunguka nyuma na kukata juu kidogo ya usawa wa pengo, ukiacha ukanda usiokatwa katikati uwe bawaba. Shemeji pengo alilikata, tena safi, likitazama boma letu. Mkaratusi ulikuwa umeinamia kwa jirani tangu ukiwa mche. Ukalia, ukajizungusha kwenye kisiki, ukaenda kwa jirani, na haukufika chini. Ulidakwa na mkaratusi wake, ukaegemea hapo juu ya ua, nusu kwetu, nusu kwake.

Hapa sina mzaha. Mti ulioning'inia namna hiyo umeua mafundi wa miaka mingi. Hupiti chini yake, na huukati ule uliobeba. Shemeji alikuwa ameshaanza kuuendea na mashine. Koko alimwita mara moja kwa jina lake la utotoni, akarudi. Kisha yeye mwenyewe akaburuta matawi ya miiba akazungushia pale watoto wasikaribie, na wanawake wakafungua punda.

Sherehe ilipikwa kwa leleshwa. Nyama iliiva, wazee wakasifu moto, na shemeji akasema mkaratusi ungekuwa na moto mkubwa zaidi. Koko akamjibu kwamba mkaratusi mbichi una maji mengi kuliko mtungi: unaupasua leo kabla haujakaza, unaupanga juu ya mawe usiguse udongo, na unauchoma mwakani.

Usiku wa kuamkia Jumatatu upepo ukaumaliza mti. Ulianguka wote kwa jirani, juu ya ua wake. Alfajiri akaja, akasalimia kila mtu, akauliza hali ya mtoto, akanywa chai. Ndipo akasema ana mgeni amelala kwake bila kubisha hodi.

Majadiliano yalikwenda mpaka jua likawa kali. Matawi yote yawe yake kwa ajili ya ua. Shina liwe la shemeji, ila alitoe mwenyewe, leo. Shemeji akaleta pawasoo, akavuta kamba. Akavuta tena. Akavua koti. Plagi ilikuwa imezama kwenye oili.

Jirani alimtazama kwa muda, mikono nyuma. "Hii mashine," akauliza, "mnaiuza?"

Dada yangu alitoka jikoni na bei kabla mume wake hajafungua mdomo.